Kuzima, Kuzimika na Kujizima: Istilahi za Hitilafu za Ghafla za Kompyuta ya Mezani

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia kundi dogo la maneno ambalo kwa muda sasa limekuwa likituletea maswali kutoka kwa wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi za umma. Ni maneno yanayotumika kueleza hali ya kompyuta ya mezani inapoacha kufanya kazi ghafla, katikati ya shughuli, bila ya mtumiaji kuitaka iache, kisha baadaye ikafanya kazi tena kana kwamba halikutokea lolote. Swali tunaloulizwa aghalabu ni hili: tatizo hilo liitweje kwa Kiswahili? Jibu letu ni kwamba hilo si tatizo moja, na kwa hiyo halistahili jina moja. Tutajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo tayari, katika mnyambuliko wa vitenzi vyake, zana ya kuyatenganisha matatizo hayo, na kwamba mtu anayeyatenganisha kwa maneno huwa amekwisha kumfanyia fundi nusu ya kazi yake.

Daftari la ofisi moja

Tulipokuwa katika ziara ya kukusanya maneno ya mafundi katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mtwara Mjini na Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, tulionyeshwa katika ofisi moja daftari la matengenezo. Ofisi hiyo hatutaitaja jina. Kazi yake kubwa ni kutunza hesabu za wakulima wa korosho, na kompyuta yake ni moja tu. Katika msimu wa mauzo, ambao kwa kawaida huanza mnamo mwezi wa Oktoba, uzito wa korosho zilizopokewa, stakabadhi za ghala na malipo ya kila mkulima huingizwa katika kompyuta hiyo. Ikinyamaza, wakulima hukaa barazani wakisubiri.

Katika ukurasa mmoja wa daftari hilo tulisoma sentensi ile ile ikirudiwa mara kumi na moja: “Kompyuta imezima.” Hapakuwa na saa wala maelezo mengine. Kwa kuitegemea sentensi hiyo, fundi wa kwanza aliyeitwa alikagua umeme, akabadilisha kile kisanduku cha ndani kinachoipa kompyuta umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Baada ya wiki moja daftari likaandikwa tena: “Kompyuta imezima.” Ofisi ikaamua kwamba fundi yule amewadanganya, ikazuia sehemu ya malipo yake, na barua ikaandaliwa ya kuipeleka mashine Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 560, katikati ya msimu wa korosho. Tutarudi kwenye kisa hiki, maana kosa halikuwa la fundi, wala la karani aliyeandika. Lilikuwa katika kitenzi.

Kwa nini maneno yetu yalichelewa

Si ajabu kwamba istilahi za hitilafu za kompyuta hazijatulia. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na ilichukua miaka mingi kabla hazijawa kitu cha kawaida mezani pa karani. Zilipoenea, zilikuja pamoja na lugha ya waliozitengeneza. Juhudi za kuzifanya programu zenyewe ziseme Kiswahili, kama zile za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilitupatia maneno mengi ya kazi za kila siku, kama vile faili, programu na kumbukumbu. Lakini mtu hujifunza kwanza maneno ya kutumia kitu, na ya kukitengeneza huja baadaye. Kwa hiyo mtumishi anayeweza kueleza vizuri jinsi ya kuhifadhi faili, kompyuta inapomkatalia hubaki na maneno matatu: imezima, imegoma, imeharibika.

Wafasiri nao wamejaribu kuziba pengo hilo. Neno la Kiingereza linalotumika kwa hitilafu hizi lina maana ya asili ya kugongana au kuanguka kwa kishindo, na tumewahi kuona maelekezo yaliyofasiriwa kwa kusema kwamba “kompyuta ikianguka, iwashe tena.” Msomaji wa Mtwara anayekutana na sentensi hiyo ataangalia kwanza kama mashine imevunjika ilipodondoka kutoka mezani. Tafsiri ya namna hiyo imehamisha sitiari ya watu wengine na kuiacha dhana nyuma. Tena, hata katika Kiingereza chenyewe neno hilo hukusanya mambo mengi yasiyofanana, na hatuna sababu ya kuurithi mkanganyiko ambao lugha yetu inaweza kuuepuka.

Kanuni tunayoifuata

Katika kuunda istilahi za hitilafu, tunashauri kanuni moja itangulie nyingine zote: istilahi ya mtumiaji itaje dalili inayoonekana, isibuni chanzo kilichofichika. Tabibu hamtaki mgonjwa aje na jina la ugonjwa. Humtaka aseme wapi panauma, tangu lini, na wakati gani maumivu huzidi. Karani anayeandika “virusi vimeingia” ilhali alichokiona ni kioo kilichoganda, amempoteza fundi kabla hajafungua begi lake. Anayeandika “imeharibika” hakusema kitu. Lakini anayeandika “imejizima saa nane mchana, taa za ofisi zikiwa zinawaka” amekwisha kukataa vyanzo kadhaa kwa sentensi moja.

Mnyambuliko kama kipimo

Hebu tutazame kitenzi zima. Katika mazungumzo ya kawaida ya Tanzania twasema “kompyuta imezima” au “simu imezima” bila kutaja aliyeizima. Usemi huo umeenea, nasi hatuukatazi katika maongezi. Lakini katika ripoti una kasoro kubwa: hausemi mtenda ni nani. Viambishi vyetu, kinyume chake, vinasema. Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo ufuatao.

(1) Kuzimwa. Mtu ameizima mashine, kwa kufuata utaratibu au kwa kubonyeza swichi. Hapa hapana hitilafu, ila huenda pana kosa la mtumiaji.

(2) Kuzimika. Kiambishi cha kutendeka kinaonyesha kwamba hali imetokea bila ya mashine kuikusudia. Mashine imenyang’anywa umeme. Kompyuta ya mezani, tofauti na kompyuta mpakato, haina betri ya kuiendesha umeme unapokatika. Huzimika papo hapo. Dalili zake ni kwamba taa au feni ya chumbani nayo huyumba au huzimika, na umeme ukirudi kompyuta huweza kuwaka mara moja. Ikiwa vifaa vingine vyote vimetulia, waya uliolegea, soketi au pawasaplai inayochoka ndiyo ya kushukiwa.

(3) Kujizima. Kiambishi ji kinaonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Mashine imejikata yenyewe, aghalabu ili kujiokoa na joto. Prosesa, ambayo ndiyo moyo wa mahesabu yote, ina kipimo cha joto ndani yake. Ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwanza hupunguza kasi, kisha huiamuru mashine izime. Dalili zake ni kwamba umeme upo, feni ya ndani ilikuwa ikivuma kwa nguvu kabla ya tukio, na mashine ikiwashwa mara hiyo hiyo hujizima tena baada ya dakika chache, ila ikipumzishwa hukubali.

(4) Kujiwasha upya. Mashine hujizima na kujiwasha bila kuamriwa, pengine baada ya kuonyesha kwa muda mfupi kioo cha buluu chenye maandishi. Mara nyingi mfumo endeshi umekutana na kosa usiloweza kulivuka, na chanzo huwa ni kumbukumbu, au kiendeshi, yaani ile programu ndogo inayokiunganisha kifaa na mfumo. Msimbo wa kosa ulio katika kioo hicho unakiliwe kwa mkono au upigwe picha kabla haujatoweka.

(5) Kuganda. Picha imebaki katika kioo lakini hakuna kinachoitika: kishale cha kipanya hakisogei na kibodi haijibu. Vyanzo vinavyoshukiwa kwanza ni kumbukumbu, diski, kiendeshi au joto.

(6) Kukwama. Programu moja imeacha kuitika, lakini nyingine zinaendelea na kishale bado kinasogea. Hitilafu ni ya programu hiyo au ya faili iliyofunguliwa, wala haifai kuilaumu mashine nzima.

(7) Kujifunga. Programu imetoweka yenyewe katika kioo, na kompyuta inaendelea kama kawaida.

(8) Kugoma. Mashine haikubali kuwaka tangu mwanzo. Neno hili limezoeleka kwa magari na mashine za kusaga. Tunaona lisitumike kwa kompyuta iliyokwisha kuwaka.

Msomaji ataona kwamba kati ya istilahi hizi nane hakuna iliyobuniwa mezani petu. Zote zimo vinywani mwa watu. Tulichofanya ni kuziwekea mipaka. Tunaonya pia kuhusu kuzimia, ambalo limepata kupendekezwa. Neno hilo ni la binadamu anayepoteza fahamu, na kulitwika mashine kutawachanganya wanafunzi.

Hitilafu ya “ovyo”

Linabaki neno moja gumu. Wengi husema kompyuta “inazima ovyo,” wakimaanisha kwamba haijulikani itazima lini. Wafasiri wengine huandika “mara kwa mara,” jambo ambalo ni kosa, kwa sababu hitilafu inayotokea mara moja kwa mwezi si ya mara kwa mara, lakini yaweza kuwa haitabiriki. Sisi tunapendekeza hitilafu ya vipindi, yaani inayokuja na kuondoka kama homa, ili kuitofautisha na hitilafu ya kudumu, ambayo ipo kila wakati mashine inapowashwa.

Tunalikwepa neno “ovyo” kwa sababu linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Mgeni anayefika Msimbati anaweza kudhani kwamba bahari hupanda na kushuka apendavyo: leo maji yameufunika mchanga wote, wiki ijayo hayafiki hata nusu. Mvuvi wa hapo hasemi hivyo. Yeye anajua bamvua na maji mafu, anahesabu siku za mwezi, anajua kusi na kaskazi. Bahari ni ile ile. Aliyenayo mvuvi na asiyenayo mgeni ni kumbukumbu ya nyakati. Kompyuta nayo huonekana kuwa ya ovyo mpaka pale mtu anapoandika saa.

Kutoka neno hadi chanzo

Sasa tueleze kwa ufupi jinsi istilahi hizo zinavyomwongoza mtumishi au fundi katika mazingira ya pwani. Lakini kabla ya yote, mara hitilafu ya vipindi inapogunduliwa na mashine ingali inawaka, faili muhimu zinakiliwe kwanza katika diski ya nje au kompyuta nyingine. Fundi anaweza kurudisha mashine. Hesabu za msimu mzima zilizopotea pengine hawezi.

Ikiwa mashine hujizima, panafunguliwa ubavu wake baada ya kuchomoa waya wa umeme. Pwani yetu ina vumbi la mchanga pamoja na upepo wenye chumvi na unyevu, na vitu hivyo vikishikamana hufanya tabaka zito juu ya feni na kipoza joto cha prosesa. Hupanguswa kwa brashi laini au kupeperushwa kwa pumzi ya kifaa, feni ikiwa imeshikiliwa isizunguke. Bandiko la kupitisha joto lililo kati ya prosesa na kipoza joto chake, likikauka, hubadilishwa. Mashine isiwekwe ukutani pasipopita hewa, wala karibu na dirisha linaloelekea baharini.

Ikiwa huzimika, panaangaliwa umeme. Kiwango chetu ni volti 230. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilipata umeme kutoka mitambo ya gesi iliyoko Mtwara, mbali na gridi ya Taifa. Katika mtandao mdogo wa namna hiyo hitilafu ya mtambo mmoja huwafikia watumiaji upesi. Lakini hata pale ambapo umeme wa mtandao ni mzuri, mashine kubwa ya jirani, kama ya kuchomelea vyuma, inapoanza kazi yaweza kuushusha kwa nusu nukta, nayo nusu nukta hiyo yatosha. Dawa yake ni kifaa chenye betri ya akiba ambacho mafundi hukiita yupiesi.

Ikiwa hujiwasha upya au huganda, kumbukumbu hujaribiwa kwanza. Vipande vyake huchomolewa na kurudishwa kimoja kimoja, ili kijulikane kinacholeta taabu. Mahali penye hewa ya chumvi, meno ya kipande hicho hupata utando unaozuia umeme kupita, na mara nyingine kuyasafisha kwa uangalifu na kukirudisha kipande barabara kunatosha. Zipo pia programu za kupima kumbukumbu ambazo huachwa zifanye kazi usiku kucha. Hatimaye hukaguliwa diski, viendeshi vilivyobadilishwa karibuni, na virusi, hasa pale ambapo flashi moja huzunguka ofisi nyingi.

Kanuni ya fundi mwema ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kungoja. Anayebadilisha mambo matatu kwa siku moja, mashine ikipona, hajui ni dawa ipi iliyoiponya.

Mwisho wa kisa chetu

Turudi kwenye ile ofisi. Fundi wa pili alipoitwa hakufungua mashine. Alimwomba karani, kwa muda wa wiki mbili, asiandike tena “imezima,” bali ajibu maswali matatu: umeona nini, saa ngapi, na vitu vingine vilivyokuwa na umeme vilikuwaje? Karani akaandika. Katika wiki mbili hizo palikuwa na matukio sita. Yote sita yalikuwa kati ya saa sita na saa tisa mchana, taa zikiwa zinawaka, feni ya ndani ikivuma. Hakuna hata moja ambalo taa ziliyumba. Yaani mashine ilikuwa haizimiki tena, ilikuwa ikijizima.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba mashine ile tangu mwanzo ilikuwa na magonjwa mawili. Karani alipoulizwa alikumbuka kwamba baadhi ya matukio ya zamani yalitokea usiku na asubuhi na mapema, katika saa za baridi. Matukio hayo ya kuzimika yalikuwa yametibiwa na fundi wa kwanza, ambaye pawasaplai yake ilikuwa halali na kazi yake ilikuwa njema. Ugonjwa wa pili, wa joto, ulibaki, na kwa kuwa daftari liliuita kwa jina la ule wa kwanza, fundi akaonekana mwongo. Mashine ilisafishwa na kupakwa bandiko jipya, haikusafirishwa, na malipo ya wakulima yaliendelea. Fundi wa kwanza alilipwa kilichobaki. Tulivyoelezwa, fundi huyo alipopokea fedha hakuuliza habari za mashine, ila aliomba aonyeshwe daftari.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ofisi yenye kompyuta ya mezani iwe na daftari la hitilafu lenye safu tano: tarehe na saa, dalili, kwa kutumia mojawapo ya istilahi nane tulizozitaja, kazi iliyokuwa ikifanyika, hali ya umeme na joto chumbani, na hatua iliyochukuliwa. Pili, wafasiri wa miongozo ya vifaa wasitafute neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza, bali wamwulize mwandishi, au waitazame mashine yenyewe, ili wajue ni dalili ipi inayozungumzwa, kisha wachague kitenzi kinachofaa. Tatu, walimu wa Kiswahili wanapofundisha mnyambuliko wasiishie kwenye mifano ya kupiga, kupigwa na kupigana. Wawape wanafunzi sentensi tatu, “imezimwa,” “imezimika” na “imejizima,” wawaulize ni ipi ya kumwita mtu wa umeme, ni ipi ya kuchukua brashi, na ni ipi ya kumwuliza mwenzao kwa nini amebonyeza swichi.

Istilahi tulizozieleza hapa bado ni mapendekezo, na zitakuwa sanifu pale tu zitakapojadiliwa na kupitishwa. Tunawaomba ndugu wasomaji watuletee maneno wanayoyasikia kwa mafundi wa sehemu zao, pamoja na maelezo ya kile ambacho fundi alikuwa akikiangalia alipoyatamka.